Ugumu wa Jumatatu

Wanunuzi wa vyuma chakavu mtaani wana kipimo kimoja cha stenlesi: sumaku iliyofungwa kwenye kamba ya kiatu. Ukimletea sufuria au kipande cha bomba, anaishusha sumaku polepole. Isiponata, basi hiyo ni stenlesi na bei inapanda. Ikinata, anakutazama kama mtu aliyekuja kumwibia, na mali yako inatupwa kwenye rundo la mabati.

Kwa sufuria, kipimo hicho kinatosha. Ila kuna stenlesi inayovutwa na sumaku kama msumari wa kawaida, na bado ni kati ya zile imara zaidi ambazo binadamu amewahi kuziyeyusha. Inaitwa 17-4 PH. Nambari ya kwanza inahesabu kromiamu, asilimia 17 hivi, na ya pili nikeli, asilimia 4. Herufi PH ni kifupisho cha Kiingereza cha njia inayoipa nguvu: kukazwa kwa mashapo. Mashapo, yale yale yanayobaki chini ya kikombe. Hapa ni mashapo madogo ajabu yanayojitenga ndani ya chuma kigumu, na yakishajitenga, chuma chenyewe hakipindiki tena kirahisi.

Nimeiona ikitupwa kwenye rundo la mabati kwa macho yangu. Lakini siwezi kumcheka mwenye sumaku, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuipima vibaya, tena nikiwa na karatasi yake mkononi, na aliyelipia kosa hilo hakuwa mimi. Ili niueleze ujinga wangu vizuri, lazima nianzie mbali kidogo. Nianzie na mtu aliyepima kitu kile kile mara mbili.

* * *

Mwaka 1906, karibu na Berlin, mtaalamu wa metali aitwaye Alfred Wilm alikuwa akitafuta aluminiamu ngumu. Jeshi la Ujerumani lilitaka maganda ya risasi yaliyo mepesi kuliko yale ya brasi, na aluminiamu ni nyepesi kweli, shida ni kwamba ni laini. Ukiikunja, inakunjika.

Wilm akajaribu ujanja ambao kila mhunzi duniani aliujua. Chuma cha pua ukikipasha moto hadi kiwe chekundu, kisha ukakitumbukiza majini, kinatoka kigumu hapo hapo. Kwa nini aluminiamu isifanye vivyo hivyo? Akaichanganya na shaba, kama asilimia 4, akaongeza magnesiamu kidogo, akaipasha kupita nyuzi 500 za Selsiasi, akaizamisha majini. Wakaipima. Laini tu.

Inasimuliwa kwamba siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na kwamba kazi iliachwa hapo kwa sababu wikendi imefika. Jumatatu wakakipima tena kipande kile kile. Kilikuwa kigumu zaidi, na si kwa kiasi kidogo cha kubishania. Mtu akipata majibu mawili tofauti kwa kitu kimoja, jambo la kwanza ni kuishuku mashine. Lakini mashine ilikuwa nzima. Kile kipande kilikuwa kimelala mezani, baridi, bila kuguswa na mtu, na kikakomaa chenyewe.

Wilm alikitazama kwa hadubini. Hakuona kitu. Fuwele za Jumamosi zilifanana na fuwele za Jumatatu. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo wengi wetu hatuwezi: alikubali kipimo ambacho hakuweza kukieleza. Akachukua hataza, kiwanda cha Dürener Metallwerke kikanunua haki ya kuitengeneza, na aloi ile ikaanza kuuzwa kwa jina la Duralumin. Mnamo 1919 Wilm aliachana na maabara kabisa, akaenda zake kulima. Alifariki mwaka 1937, na hadi anaacha kazi hakuwa amejua ni nini hasa kilitokea ndani ya kile kipande wikendi ile.

* * *

Metali hiyo ilikaribia sana kufika kwetu, na haikuja kwa amani.

Wajerumani walianza kutengeneza mifupa ya meli zao kubwa za angani, zile za Zeppelin, kwa Duralumin kuanzia 1914. Novemba 1917, moja kati yao, L59, iliondoka Jamboli nchini Bulgaria ikielekea Afrika Mashariki. Huko jeshi la Lettow-Vorbeck lilikuwa likikimbizana na Waingereza katika nchi ambayo leo ni Tanzania, halina dawa wala risasi za kutosha. L59 ilibeba kama tani 15 za mizigo. Haikupangiwa kurudi. Baada ya kutua ingevunjwavunjwa: kitambaa chake kishonwe mahema na nguo, mifupa yake isimamishwe kuwa mnara wa redio.

Ilipofika juu ya Sudan ikapokea amri ya kugeuza. Ikarudi Jamboli baada ya saa 95 angani, bila kutua hata mara moja, safari ya zaidi ya kilomita 6,700.

Huwa nikipita Kariokor nafikiria safari hiyo. Jina la soko lile limetokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambacho Waingereza walikijaza watu wetu katika vita hivyo hivyo. Juu angani kulikuwa na mifupa ya metali nyepesi iliyopata nguvu kwa kungoja. Chini kulikuwa na migongo ya watu wasiopewa nafasi ya kungoja chochote, wakifa kwa kuhara na malaria njiani na mizigo kichwani. Mnara ule wa Duralumin haukusimama kamwe. Soko lipo.

* * *

Jibu la fumbo la Wilm lilitoka Washington mwaka 1919. Paul Merica na wenzake wawili, Waltenberg na Scott, walikuwa wakifanya kazi katika ofisi ya serikali ya viwango. Wazo lao unaweza kulielewa ukiwa jikoni.

Chukua asali iliyokaa kabatini hadi ikaganda. Ukiipasha moto, chembe za sukari zinayeyuka zote na asali inakuwa safi. Ukiiacha ipoe, kwa muda inabaki safi, ingawa sasa imebeba sukari nyingi kuliko inavyoweza kubeba ikiwa baridi. Halafu siku zinapita, na chembe zinaanza kujitenga tena, polepole, moja hapa, moja pale. Kulingana na Merica, ndivyo shaba inavyofanya ndani ya aluminiamu. Kwenye moto inayeyuka ndani yake. Maji ya baridi yanainasa kabla haijapata nafasi ya kutoka. Kuanzia hapo, saa baada ya saa, atomu za shaba zinatafutana na kukusanyika katika vichungu vidogo mno, ambavyo hadubini ya Wilm isingeweza kuviona. Ilibidi kungoja hadi 1938, ndipo Guinier kule Ufaransa na Preston kule Uingereza, kila mmoja kivyake, walipotumia miale ya eksirei na kuonyesha kwamba vichungu hivyo vipo kweli.

Na vichungu vinakazaje? Hebu fikiria mkeka mkubwa uliotandikwa sakafuni. Kuuvuta wote kwa pamoja ni kazi. Lakini ukifinya mkunjo mmoja upande huu na kuusukuma hadi upande ule, mkeka mzima umesogea na hujatoa jasho. Metali hupinda hivyo hivyo: haisogei safu nzima kwa pamoja, bali mikunjo midogo ya mpangilio wa atomu hupita ndani yake. Sasa tuseme umepigilia misumari midogo elfu moja kwenye mkeka ule. Mkunjo unafika, unakwama. Ndiyo kazi ya mashapo.

Ila misumari ina hesabu yake. Ikiwa michache sana, mkunjo unapita kando. Muda ukizidi au joto likizidi, vichungu vidogo humezwa na vikubwa, vinabaki vichache vilivyo mbalimbali, na mkunjo unapata tena njia. Kwa hiyo kuna kilele. Kabla yake metali bado changa, baada yake imezeeshwa kupita kiasi. Wataalamu wanatumia neno hilo hilo, kuzeesha, na hawamaanishi tusi.

Kumbe hata kabla ya Wilm jambo hili lilikuwa limeshatokea bila mtu kujua. Ndege ya ndugu wa Wright iliyoruka Desemba 1903 ilikuwa na injini yenye kasha la aluminiamu iliyochanganywa na shaba kama asilimia 8. Mwaka 1994 watafiti wawili, Frank Gayle na Martha Goodway, walichapisha uchunguzi wa kipande cha kasha hilo. Wakakuta mashapo yamo. Yaani binadamu alipaa kwa injini iliyokazwa na kitu ambacho hakikuwa na jina bado.

* * *

Hadi hapa habari ni ya aluminiamu. Stenlesi ilikuwa na historia yake pembeni.

Harry Brearley alizaliwa Sheffield mwaka 1871, mtoto wa mfanyakazi wa kuyeyusha chuma. Aliacha shule akiwa na miaka 12 na kuajiriwa kuosha chupa kwenye maabara ya kiwanda. Alijifunzia humo humo, kwa kuuliza na kusoma usiku, mpaka akawa mkuu wa maabara. Mwaka 1912 aliombwa chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika haraka. Katika majaribio yake akapata mchanganyiko wenye kromiamu karibu asilimia 13, na akaona kwamba haukubali kuliwa na asidi. Yeye alikulia mji wa visu. Akaona meza za chakula kabla ya kuona bunduki. Mafundi visu wa mwanzo walilalamika kwamba chuma kile ni kigumu mno kukifanyia kazi, na akapachikwa jina la mtu anayetengeneza visu visivyokata. Baadaye aligombana na waajiri wake kuhusu haki za uvumbuzi huo, akaondoka.

Wakati huo huo, kule Ujerumani, kiwanda cha Krupp kilikuwa na stenlesi ya aina nyingine, yenye nikeli nyingi. Hiyo ndiyo nyanya ya sufuria zetu, ile isiyoshika sumaku.

Kwa hiyo dunia ikawa na koo mbili, kila moja na ulemavu wake. Stenlesi ya Brearley ilikazika kwa moto na maji, lakini ugumu wake ulitokana na kaboni, na kaboni huikamata kromiamu, ile ile inayozuia kutu. Ukitaka ugumu zaidi, unajiongezea kutu. Stenlesi ya Krupp ilizuia kutu vizuri mno, lakini ilikuwa laini, na hakuna moto wala maji ya kuikaza. Ukiwa mhandisi, uchague: kitu kigumu au kitu kisafi.

Vita Kuu ya Pili ilipoisha, injini za jeti zilikuwa zimekataa uchaguzi huo. Zilihitaji vyote viwili. Katikati ya miaka ya 1940 kampuni ya U.S. Steel ilitoa Stainless W, ambayo ilikazwa kwa mashapo badala ya kaboni. Kabla muongo huo haujaisha, Armco, kampuni ya Ohio, ikaja na 17-7 PH inayotumia aluminiamu, na 17-4 PH inayotumia shaba, asilimia 3 hadi 5. Ile ya Wilm, ya Jumamosi na Jumatatu, ikawa imehamia ndani ya chuma.

Hapo kwenye shaba nitulie kidogo. Kwa watu wanaoyeyusha vyuma chakavu, shaba ni uchafu. Waya za mota zikiingia tanuruni, shaba haitoki tena, na ikizidi chuma kinapasuka kinapokandwa kikiwa cha moto. Wanaichambua kama mawe kwenye mchele. Na ndiyo iliyowekwa ndani ya 17-4 kwa makusudi, kwa kipimo, kisha ikapewa muda.

* * *

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Chuma kinapashwa hadi nyuzi 1,040 hivi ili shaba yote iyeyuke ndani yake, kisha kinapozwa. Hali hiyo inaitwa Hali A. Bado kinakubali kukatwa na kukerezwa. Kikishakerezwa kikawa kifaa, kinarudishwa tanurini kwa nyuzi 482 kwa saa moja tu, kisha kinaachwa kipoe hewani. Hakizamishwi majini, kwa hiyo hakipindi. Kinasinyaa kidogo: kipande cha milimita 100 kinapungua kama milimita 0.05, na fundi mwenye akili anaiacha nafasi hiyo mapema. Kinatoka na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea.

Na nguvu? Stenlesi ya sufuria huanza kupinda moja kwa moja ukifika kama megapaskali 205. Chuma hiki baada ya ile saa moja huvumilia hadi 1,170, au zaidi. Zaidi ya mara tano, na bado hakishiki kutu kirahisi.

Ndiyo maana kimejificha kila mahali. Kwenye shafti za pampu, vali, mapanga ya tabo za mvuke, vifaa vya upasuaji, vichwa vya fimbo za gofu. Dada unayemwona kwenye matatu amevaa vyuma vya kunyoosha meno, kuna uwezekano mkubwa kwamba vile vijiwe vidogo vilivyobandikwa kwenye meno ni 17-4. Ile 17-7 inatengenezwa springi, maana inakunjwa mara nyingi bila kuchoka.

Ndege iliyowahi kukiamini chuma cha ukoo huu kupita zote ilikuwa XB-70 Valkyrie ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza Septemba 1964. Ilikusudiwa kwenda mara tatu ya kasi ya sauti, na kwa kasi hiyo hewa huipasha ngozi ya ndege kupita nyuzi 200. Aluminiamu ya Wilm ingezeeka angani: mashapo yangeendelea kukua hadi nguvu iishe. Concorde ilibaki karibu na mara mbili ya kasi ya sauti kwa sababu hiyo ya aluminiamu. Valkyrie basi ikavikwa PH 15-7 Mo, mabati membamba ya stenlesi yaliyobandikwa juu ya sega kama la nyuki. Oktoba 1965 ilifika kasi ile iliyoahidiwa, na katika safari hiyo hiyo ikapoteza kipande cha ukingo wa bawa. Metali ilikuwa sawa, tatizo lilikuwa pale ilipobandikwa. Zilitengenezwa mbili tu. Ya pili iligongana na ndege nyingine tarehe 8 Juni 1966, zikiwa zimejipanga angani kupigwa picha, na marubani wawili wakafa. Ya kwanza ipo kwenye jumba la makumbusho Ohio, jimbo lile lile la Armco.

* * *

Sasa turudi kwa mwenye karatasi mkononi.

Niliacha uhandisi mwaka wa tatu, karo ilipokataa. Nilibaki na madaftari na mdomo wa mtu aliyesoma. Anko wangu ana mashine ya kukereza chuma Kariobangi, na nilikuwa nikienda kumsaidia huku nikiandika vitu vya watu mtandaoni. Siku moja mteja akaleta ufito wa 17-4 na cheti chake, akitaka shafti ya pampu. Pampu yenyewe inavuta maji ya kisima yenye chumvi.

Anko hajasoma metali popote. Lakini ameshika vyuma miaka mingi kuliko umri wangu. Aliushika ule ufito, akaugeuza, akaniuliza, "Kijana, hii si huwa inapikwa kwanza?"

Nikasoma cheti. Kilisema Hali A. Kikataja ugumu, namba 34 kwa kipimo cha Rockwell. Nikaona namba kubwa, nikafurahi. Nikamwambia, "Iko sawa, Anko. Tayari ni ngumu kuliko stenlesi yoyote umewahi kukereza hapa. Kupika ni kupoteza pesa."

Akaniamini. Si alijua nilikuwa chuo.

Nilichosoma kwenye cheti kilikuwa kipimo cha Jumamosi. Chuma katika Hali A kinaonekana kigumu, na ni kigumu kiasi, lakini ndani kimejaa mvutano na shaba iliyonaswa ambayo haijapewa nafasi ya kukaa mahali pake. Ukikitia kazini hivyo, kwenye mzigo na chumvi, nyufa zinaanza kutambaa bila kutoa sauti. Wanaokitengeneza wanasema wazi kwamba kisitumike hivyo. Ilikuwa kwenye madaftari yangu. Nilipoyafungua baadaye niliikuta, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na nimeipigia mstari.

Shafti ilirudi baada ya miezi minne, imefungwa kwenye gazeti, vipande viwili. Anko alinunua ufito mwingine kwa pesa yake. Ufito wa chuma hicho si bei ya msumari. Ilikuwa pesa ya kodi ya banda. Nilitamani anigombeze, nipate la kujibu. Alisema tu, "Mimi niliuliza, wewe ukajibu."

* * *

Tangu niache chuo, nimeambiwa subira huvuta heri na watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mama, majirani, mchungaji, hata kondakta mmoja. Kila ninaposoma kuhusu Wilm, nasikia mtu akijiandaa kuniambia tena: unaona, hata metali ilingoja wikendi.

Ni kweli nusu. Aluminiamu ya Wilm ilikomaa mezani, kwa joto la chumba. 17-4 haifanyi hivyo. Iweke juu ya kabati miaka 50, utaikuta katika Hali A ile ile. Atomu za shaba ndani ya chuma baridi haziwezi kutembea, hata zikitaka. Zinahitaji nyuzi 482. Kungoja bila tanuri hapo ni kukaa tu. Na anayekuambia ungoje, ni haki yako kumuuliza tanuri liko wapi na nani analipia umeme.

Pia kuna upande wa pili, ambao nao huwa hausemwi. Muda hausimami ukishapata unachotaka. Hiyo 17-4 iliyokazwa vizuri, ukiiacha kazini juu ya nyuzi 300 kwa muda mrefu, itaendelea kubadilika ndani hadi iwe dhaifu wa kuvunjika. Ugumu ni mahali unapopita.

Shafti ya pili Anko aliikereza mwenyewe, mimi nikishika tochi tu. Alipomaliza aliniuliza tena, swali lile lile, ila safari hii alikuwa amekunja mikono akinitazama usoni. "Tunapika vipi?"

Nilikuwa nimekesha nikisoma. Nikamwambia tusiende kwa ile saa moja ya nyuzi 482, ingawa ndiyo inayotoa nguvu kubwa kabisa. Kwa maji ya chumvi, kilele cha nguvu ndicho pia mahali ambapo chuma hiki kinaogopa nyufa zaidi. Twende nyuzi 621, saa nne. Kizeeke kupita kilele. Kitapoteza sehemu ya nguvu, kitabaki na kama megapaskali 725, ambazo bado ni zaidi ya mara tatu ya sufuria, lakini kitavumilia.

"Yaani tunakilipia kiwe dhaifu kidogo?"

"Ndiyo, Anko."

Alicheka, mara ya kwanza tangu lile gazeti.

Tulipata tanuri la kukodi kule Industrial Area. Jamaa akapokea shafti, akaandika nyuzi na saa kwenye kitabu, akatufungia mlango. Tukakaa nje kwenye kibanda cha chai. Saa nne ni ndefu ukiwa huna la kufanya. Anko akalala akiwa amekaa, kofia usoni. Mimi nilitazama lile geti la bati na kuhesabu malori.

Ilipotoka ilikuwa na rangi ya kahawa, bado ya moto. Hakuna aliyeigusa. Ilipopoa kabisa, Anko akatoa maikromita mfukoni, akapima katikati na ncha zote mbili, akaandika kwenye kiganja kwa kalamu. Halafu akaifuta maikromita, akanipa.

"Pima tena," akasema.